Jarida Nalo Lina Sanadi



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeuanza wahyi wa Qur'ani kwa amri ya kusoma. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Wasomaji wetu watukufu, wiki hii twajibu swali tuliloulizwa na mama mmoja baada ya darsa ya akina mama ya Jumamosi, katika mtaa wa Kawangware, magharibi ya jiji la Nairobi, ambako baadhi ya jamaa zetu wa pwani wamehamia kwa ajili ya kazi na masomo. Alisema hivi: "Ustadh, kila siku watuhimiza tusome. Qur'ani twasoma, na vitabu vya dini twavisoma kwa kadiri ya uwezo wetu. Lakini haya mambo ya siasa na ya sayansi yanayotuingilia nyumbani kila uchao, tuyasome wapi? Tupe majina ya majarida, tuyatafute."

Swali ni zuri, na majina tutayataja kama alivyotaka. Lakini kabla ya hapo ni haki yake, na ni haki yenu nyote, mjue kwa nini swali hili limetuelemea kuliko maswali mengine. Mama huyo anatudai.

Miaka kadhaa iliyopita ulitufikia kwa simu ujumbe mrefu juu ya chanjo ya surua. Ulisema kwamba daktari mmoja mkubwa wa ng'ambo ameifichua siri ya chanjo hiyo, na kwamba kila Mwislamu aupatae aufikishe kwa wenzake, ajipatie thawabu. Ulianza kwa Bismillahi na ukamalizika kwa dua. Nasi, ambao ndevu zimeingia mvi tukifundisha, tuliusoma mbele ya darsa baada ya sala ya Alasiri, tukawaambia akina mama, "Jihadharini." Hatukusema msichanje. Tulisema neno hilo moja, na kwa mama mwenye mtoto mchanga lilitosha.

Mtoto wake alikuwa amefika miezi 9, ambao ndio wakati wa chanjo ya kwanza ya surua hapa Kenya. Ya pili hutolewa mtoto akifika miezi 18. Mama aliahirisha. Alisema moyoni mwake atangoja kwanza, asikie wanavyuoni watasema nini. Surua haikungoja. Iliingia katika ploti waliyokuwa wakikaa, na mtoto akalazwa. Alipona, Alhamdulillahi. Lakini ugonjwa ulimwingia masikioni, na sikio lake la kushoto mpaka leo halisikii vyema. Akiitwa kutoka upande huo, hugeuka upande mwingine.

Mama yule hakutulaumu. Alikuja siku moja baada ya darsa, amembeba mwanawe, akatuuliza kwa adabu: "Ustadh, ule ujumbe ulikuwa umetoka kwa nani?"

Hatukuwa na jibu. Elimu ya mustalahu-l-hadith tumeisoma tangu ujana wetu. Tumewafundisha watoto wa watu kwamba habari haipokewi mpaka ijulikane nani kaipokea kutoka kwa nani, na kwamba kila mpokezi katika sanadi achunguzwe: ni mkweli? Hifdhi yake ni nzuri? Alikutana kweli na huyo anayemtaja? Wanavyuoni wetu wamejaza majuzuu kwa majuzuu kwa kuzichambua hali za wapokezi, huyu akakubaliwa, yule akajeruhiwa. Na katika Suratul Hujurat tumeamrishwa kuzichunguza habari za mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kisha tukajuta. Yote hayo twayajua, na bado tuliupokea ujumbe usio na jina la mwandishi, usio na tarehe wala mji, tukautia katika masikio ya wanawake waliotuamini.

Kwa hivyo majina tutakayoyataja leo hatuyatoi kama mtu anayesifu vitu avipendavyo. Twayatoa kama mwenye kulipa deni.

Jarida la maana, la siasa au la sayansi, lina sanadi yake. Makala yana mwandishi. Juu ya mwandishi yuko mhariri. Jarida lina mchapishaji, lina anwani na tarehe, na likikosea laweza kuandikiwa barua, laweza kushtakiwa, na wahariri wenye heshima huchapisha masahihisho. Majarida ya kitaalamu ya sayansi yamezidi hapo: makala hupelekwa kwanza kwa wataalamu wengine wa fani hiyo hiyo wayapekue, ndipo yachapishwe. Hilo halina maana kwamba yaliyochapishwa hayana kosa. Wahyi ni wahyi, na kazi ya binadamu ni kazi ya binadamu.

Mfano wake uko katika kadhia hii hii ya surua. Mwezi wa Februari 1998, jarida la madaktari la The Lancet, la London, ambalo limekuwako tangu 1823, lilichapisha makala ya daktari Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, yaliyowatia watu shaka kwamba chanjo ya surua, matubwitubwi na rubella ina uhusiano na maradhi ya usonji. Wazazi wengi waliingiwa na hofu. Lakini kwa kuwa makala yalikuwa na jina, tarehe na mahali, watu waliweza kuyafuata. Mwandishi wa habari Brian Deer aliichimba kadhia hiyo kwa miaka, watafiti wa nchi nyingi wakawachunguza watoto wengi mno wasiuone uhusiano huo, na mwaka 2010 The Lancet likayafuta makala yale. Mwaka huo huo Wakefield akaondolewa katika daftari la madaktari wa Uingereza.

Wanafunzi wa hadithi wataitambua njia hiyo. Ni jarhi. Mpokezi amechunguzwa, amekutwa na ila, riwaya yake imekataliwa hadharani. Ujumbe wa simu hauna wa kumjeruhi. Umekanushwa mara ngapi, na bado wazunguka kana kwamba umeandikwa jana.

Wala asidhani mtu kwamba majarida ni bidhaa ya wageni tunayoiazima. Mwaka 1930, Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa karatasi yake ya Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah, kuwazindua Waislamu wa pwani juu ya dini, elimu na hali yao chini ya utawala wa kikoloni. Yeye mwenyewe alikuwa msomaji wa Al-Manar, jarida la Sheikh Rashid Rida lililokuwa likitoka Cairo tangu 1898. Baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mpaka alipofariki mwaka 1947. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, akawa mwandishi wa siasa ajulikanaye duniani, na mwaka 1966 makala yake juu ya Kwame Nkrumah katika jarida la Transition, lililoanzishwa Kampala mwaka 1961, yalizua mjadala mkubwa barani. Basi kusoma majarida ni katika mila yetu.

Sasa tuje kwenye majina, na tuanze na siasa.

La kwanza ni The Weekly Review. Najua vijana watasema limekufa, na kweli lilikoma mwaka 1999. Lakini nakala zake kuukuu bado twakutana nazo kwa wauzaji wa vitabu wa kandokando ya barabara za katikati ya jiji, wale wanaotandaza chini na watu wa Nairobi wakayaita maduka yao "inama". Mwanzilishi wake, Hilary Ng'weno, alisomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard kabla ya kuingia katika uandishi, na jarida lake alilolianzisha mwaka 1975 lina dalili ya mtu aliyezoea kupima: nani kasema nini, wapi, mbele ya nani, na mwenzake alijibuje. Mzazi anayetaka mwanawe azielewe siasa za leo za Kenya na ampe toleo moja la miaka hiyo. Majina mengi atayatambua, au ya watu wenyewe, au ya baba zao.

La pili ni The Nairobi Law Monthly, lililoanzishwa na wakili Gitobu Imanyara mwaka 1987, zama za chama kimoja. Mwaka 1990 serikali ililipiga marufuku, na Imanyara mwenyewe akatiwa ndani. Miaka miwili kabla yake jarida la Beyond, lililotolewa na baraza la makanisa, lilikuwa limepigwa marufuku kwa kuandika juu ya uchaguzi wa mlolongo wa 1988. Twawataja hawa, ingawa si wote wa dini yetu, kwa sababu ya somo moja: mwenye kuandika kwa jina lake hulipa gharama ya neno lake. Anayesambaza ujumbe usio na mwenyewe halipi chochote, gharama huiacha kwa wengine. Jarida hilo la sheria lilifufuliwa baadaye na wakili Ahmednasir Abdullahi, na wenye watoto wanaosomea sheria wasilikose.

La tatu ni The EastAfrican, litokalo kila wiki hapa Nairobi tangu mwaka 1994. Umbo lake ni la gazeti, lakini kazi yake ni ya jarida, kwani huiangalia Afrika Mashariki nzima kwa pamoja. Sisi watu wa pwani wenye ndugu Unguja, Tanga na Dar es Salaam, mipaka haijatukatia udugu. Haitupasi basi kuzijua siasa za Kenya peke yake.

La nne ni The Economist la London, lililoanza mwaka 1843, na hili twalitaja pamoja na tahadhari mbili. Kwanza, makala yake mengi hayana jina la mwandishi. Jarida zima ndilo linalobeba dhamana. Pili, lina mrengo wake wa kutetea biashara huria, wala haliufichi. Lisome kama unavyomsikiliza mgeni mjuzi: unamheshimu, na hausahau anatoka nyumba gani. Na kwa asiyesoma Kiingereza, Taifa Leo lipo kila siku kwa Kiswahili chetu, na si aibu kuanzia hapo.

Tumalizie na sayansi, ambayo ndiyo iliyotuumbua.

La karibu kabisa ni Swara, jarida la jumuiya ya kuhifadhi wanyamapori ya Afrika Mashariki, ambayo ofisi zake ziko Riara Road, Kilimani, hapa hapa magharibi ya jiji. Jumuiya hiyo ilianzishwa mwaka 1961. Mtoto anayemjua simba kwa katuni na ajifunze humo anavyoishi, anakula nini, na mikoko yetu ya Lamu ina kazi gani kwa samaki wachanga. Mwenye kuviangalia viumbe kwa makini huzidi kumtukuza aliyeviumba.

La pili ni Mkulima Mbunifu, jarida la Kiswahili litokalo Arusha tangu 2011, ndugu wa The Organic Farmer lililoanzishwa hapa Kenya mwaka 2005. Jina lisiwapumbaze mkadhani ni la watu wa shamba peke yao. Yamo ya udongo, ya wadudu, ya maradhi ya kuku na ya matumizi ya dawa. Mama mwenye kuku sita nyuma ya nyumba, au sukumawiki katika magunia, atalifahamu tangu ukurasa wa kwanza. Nasi twalipenda kwa sababu nyingine: linathibitisha kila mwezi kwamba sayansi yasemeka kwa Kiswahili bila kupungua kitu.

La tatu ni mawili kwa pamoja, New Scientist la Uingereza na Scientific American la Marekani, hili la pili likiwa limezaliwa mwaka 1845. Mapya ni ghali. Ya zamani, ambayo kwa mwanafunzi yana faida ile ile, hupatikana kwa wale wale wauzaji wa inama.

La nne ni la wanaosoma Kiarabu. Al-Arabi la Kuwait lilianza mwaka 1958, na mhariri wake wa kwanza alikuwa Dokta Ahmad Zaki wa Misri, mtaalamu wa kemia. Ndani yake utakuta fasihi, miji ya Waislamu na sayansi vimekaa baraza moja. Walimu wa madrasa, hili ni lenu.

Faida ya kusoma namna hii tuliiona wenyewe. Baada ya yale yaliyompata mtoto yule, tulishika desturi ya kusoma juu ya maradhi. Ndipo tukajua kwamba kirusi cha surua na kirusi cha sotoka, tauni ile ya ng'ombe iliyofagia mifugo ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na kuwaacha wafugaji katika njaa, ni wa ukoo mmoja. Tukajua kwamba surua huambukiza upesi mno: mgonjwa mmoja, akiwa kati ya watu wasio na kinga, aweza kuwaambukiza 12 hadi 18, na ndiyo sababu watabibu hutaka watoto 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa, ili wale wachanga mno wasioweza kuchanjwa wapate kusitirika nyuma ya wenzao. Na tukajua kwamba chanjo iliyoiangamiza sotoka ilitengenezwa Muguga na Walter Plowright na wenzake, karibu na mwaka 1960. Mwaka 2011 ulimwengu ulitangaziwa kwamba sotoka imekwisha, ugonjwa wa pili kufutwa duniani baada ya ndui.

Muguga, enyi wasomaji wetu, si ng'ambo. Ukishika barabara ya Waiyaki Way kutoka katikati ya jiji, ukapita Westlands, Kangemi na Uthiru, ukaendelea kuelekea Kikuyu, umekaribia. Sisi tulikaa Kawangware tukisoma maneno ya daktari asiyejulikana wa ng'ambo dhidi ya chanjo ya surua, na safari fupi kutoka pale tulipokaa ndipo jamaa yake surua alipotafutiwa dawa ya kumkomesha. Laiti tungalikuwa na jarida moja la sayansi juu ya ile meza, tungalijua.

Zabaki gharama na namna ya kusoma. Hatumwambii mtu apunguze unga wa watoto anunue majarida. Akina mama wana vyama vyao vya kuchanga. Nyumba tano zikichanga, kila moja ikashika jarida moja na kubadilishana kila mwezi, nyumba zote tano zimesoma matano kwa bei ya moja. Na wanaokwenda kusali Jamia, katikati ya jiji, wakitoka msikitini na wavuke Banda Street. Mbele yao ni maktaba ya McMillan, yenye nguzo na simba wawili wa mawe, iliyofunguliwa mwaka 1931. Zama za ukoloni ilikuwa ya wazungu peke yao. Leo ni mali ya wakazi wa jiji, na magazeti ya zamani yamehifadhiwa humo kwa wingi. Babu zetu waliipita kwa nje. Si vyema wajukuu waipite kwa nje kwa hiari yao.

Kusoma kwenyewe kuwe kwa sauti, familia ikiwa pamoja, hata mara moja kwa wiki. Anayejua Kiingereza asome, kisha aeleze kwa Kiswahili, maana asiyeweza kulieleza jambo kwa lugha ya mamake bado hajalielewa. Na kila makala yaulizwe: kasema nani? Kajuaje? Nani mwingine kamkagua? Pale mtakapokutana na lisiloafikiana na itikadi yetu, msilifiche wala msilimeze. Liwekeni alama mtuletee, tulizungumze. Na msisahau kwamba ujumbe wa simu una haki ya kuulizwa maswali hayo hayo, hata ukiletwa na shekhe. Hasa ukiletwa na shekhe.

Mtoto yule sasa yuko gredi ya tatu, na Jumamosi huja madrasa pamoja na mamake. Tumemweka safu ya mbele, upande wetu wa kushoto, ili sikio lake zima litukabili. Ana swali kwa kila jambo, na twamjibu tunalolijua, na tusilolijua twamwambia tutalitafuta. Chanjo yake ya pili mama hakuiahirisha.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyasema bila elimu, awaponye watoto wetu, atuzidishie elimu yenye manufaa, na azijaalie nyumba zetu ziwe nyumba za kusoma na kuhakikisha. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.